Jina la Ndani ya Mfuniko

Ukimwita Bi Subiri nyumbani kwako kwa sababu kiyoyozi kimegoma, usitegemee aanze kwa kufungua kitu. Ataomba kiti kwanza. Atakiweka chini ya mashine, ataiwasha kwa rimoti, atalaza mikono yake magotini kama mtu aliyekuja kuposa, na atanyamaza. Ukimwuliza tatizo ni nini, atakwambia subiri. Ukimwuliza kama atakunywa chai, atakwambia subiri. Wapo waliodhani mama wa watu kapitiwa na usingizi. Kumbe anasikiliza mashine inavyowaka na kuzimika, anaangalia jua linaingilia dirisha gani, na anamwangalia mwenye nyumba pia, maana mara nyingi, asemavyo mwenyewe, anayeumwa si mashine.

Jina hilo hakulipenda mwanzoni. Leo amelichora kwa rangi ya bluu ubavuni mwa kigari chake cha magurudumu matatu, na chini yake: TUTENGENEZE AU TUBADILISHE? ULIZA KWANZA. Na ukimwuliza, atakurudishia maswali matatu. Palipoharibika ni wapi? Vipuri na gesi yake bado vinapatikana? Na nani analala chini yake? Hilo la tatu mafundi wenzake hulicheka, lakini Bi Subiri ana hoja. Kijana mwenye afya anaweza kulala na feni akisubiri kipuri wiki tatu. Mtoto mchanga na mgonjwa hawawezi.

Kuna bwana mmoja muuza vitambaa ambaye alikwisha kununua mashine mpya, iko sebuleni ndani ya boksi lake, na alimwita aje kuifunga tu. Bi Subiri akaomba kiti. Baada ya kukaa kwa muda akauliza lile kabati kubwa liliingia lini chumbani. Mwezi uliopita, akajibiwa. Kabati lilikuwa limesimama mbele ya mashine, linairudishia hewa yake usoni, na mashine masikini ilikuwa ikijipoza yenyewe. Walilisogeza kabati hatua mbili, chumba kikapoa, na muuza vitambaa akaambiwa arudishe boksi dukani. Hivyo Bi Subiri akajinyima kazi kwa mdomo wake mwenyewe. Na kuna mwalimu aliyemsihi afufue kwa mara ya nne mashine iliyooza mpaka mifupa, akakataa katakata, akasema kuiuzia maiti dawa hawezi. Msema kweli ni mpenzi wa Mungu, lakini si mpenzi wa mafundi wenzake, na kwenye maduka ya vipuri wapo wanaogeuza shingo akipita.

Kazi hii alifundishwa na Mzee Vidole. Kama hujawahi kumsikia, basi wewe si mtu wa viyoyozi. Fundi wa kawaida akijaza gesi hufunga geji za kupima mgandamizo, huweka mtungi juu ya mzani, husoma kibandiko cha mashine na kufuata kilichoandikwa. Mzee Vidole alifungua koki ya mtungi kwa mkono wa kushoto, akashika bomba la shaba kwa vidole viwili vya mkono wa kulia, akafumba macho. Ubaridi ukifika pale anapopajua yeye, alifunga. Walikuwepo waliompima baada ya kazi, kwa uchokozi, wakakuta hakukosea hata uzito wa kijiko. Mzani, alisema mzee, ni wa wasio na vidole.

Alikuwa na desturi nyingine, na wote waliopita mikononi mwake wanayo mpaka leo. Kazi ikiisha, kabla ya kurudisha mfuniko wa mashine, aliandika kwa ndani jina lake na tarehe kwa kalamu ya wino mzito. Mwenye nyumba hapaoni mahali hapo. Anayepaona ni fundi atakayefuata. "Anayeandika ndiye anayejibu," alikuwa akisema, na hakuongeza neno.

Bi Subiri alikaa chini yake miaka kumi na miwili. Miaka ya mwisho kazi nzima alifanya yeye, kuanzia kutoboa ukuta mpaka kufagia vumbi, mzee amekaa pembeni anapepewa na feni ya mwenye nyumba. Na bado, kazi ikiisha, mzee aliinuka, akachomoa kalamu mfuko wa shati na kuandika jina lake yeye. Hakuna siku aliyompa mwanafunzi wake kalamu ile. Bi Subiri alipojitegemea na kumaliza kazi yake ya kwanza, alitoa kalamu yake mpya, akaandika tarehe, mkono ukagoma kuendelea. Tangu siku hiyo mifuniko yake ina tarehe tupu. Akiulizwa husema jina halipozi chumba. Watu huuita unyenyekevu. Haukuwa unyenyekevu, kilikuwa kidonda, na kilikuwa na umri wa miaka ishirini.

Ndipo msimu huu wa joto akapigiwa simu na binti wa Mzee Vidole, ambaye ni karani wa mahakama na huongea hata na muuza mchicha kama anaandika ushahidi. Habari zilikuwa hizi: mzee amezimia mara mbili chumbani mwake kwa joto. Ana kisukari cha miaka mingi, moyo nao umeanza kulegea, na daktari amesema chumba kile lazima kiwe na ubaridi. Kiyoyozi chake, ambacho alikifunga kwa mikono yake miaka kumi na tisa iliyopita, sasa kinapuliza hewa kama ya jikoni. Binti anataka kununua kipya. Mzee anasema hakuna atakayeing'oa mashine yake ukutani, na mafundi wawili amewafukuza kwa fimbo ya kutembelea. Amekubali mtu mmoja tu.

"Amesema nikuite wewe," binti alisema. "Amesema, atakalosema yule, nitakubali. Lakini na mimi dada nina langu. Nataka uniambie nini kimeiua. Anapanda kistuli na umri ule, anafungua fungua. Kama ni mikono yake, lile sanduku la vifaa linatoka humo ndani siku hiyo hiyo."

Bi Subiri alilijua sanduku lile, la bati jekundu lililochubuka pembe. Alijua pia kwamba mzee huamka asubuhi kwa ajili yake, maana majirani humletea feni na redio zao, na yeye huzitengeneza barazani huku akizisema vibaya. Ukimwondolea sanduku, kinachobaki ni mtu wa kusubiri saa ya dawa na saa ya chakula. Aliendesha kigari chake siku hiyo akiwa hana raha.

Mzee alikuwa amekaa kitandani, fulana imemganda mgongoni. Chumba kilikuwa kidogo na safi: kitanda, meza ya dawa, picha ya marehemu mkewe, na juu ya dirisha mashine yenyewe, imegeuka rangi ya meno ya mzee.

"Shikamoo, Fundi."

"Marahaba. Umenenepa."

"Nimekula," alijibu, na wote wawili wakacheka kidogo.

Alipompa mkono aliona malengelenge kwenye ncha za vidole viwili vya kulia. Akauliza ni nini. Pasi ya jirani, mzee akasema, akauficha mkono chini ya shuka. Kisha akaanza kutoa amri kama zamani. Shida ni tundu, gesi inavuja mahali. Yeye ameongeza kidogo kidogo lakini bomba halishiki ubaridi. Atafute tundu, azibe, aende zake. Bi Subiri akaomba kiti.

Alikaa. Mashine ya ndani ilipuliza joto bila aibu. Akatoka uani kwenye mashine ya nje, akafunga geji zake, akaiwasha. Kwa kawaida mshale mmoja hushuka na mwingine hupanda, maana kazi ya kompresa ni kuvuta huku na kusukuma kule. Mishale ile miwili ilisimama pamoja na haikutikisika. Kompresa ilikuwa inazunguka tu, haisukumi chochote, na ndani yake kulikuwa na mlio wa vyuma vilivyoachana. Vali zimevunjika. Hilo tundu la mzee halikuwepo.

Akafungua mfuniko, na kwa ndani akakuta maandishi. Lilikuwa jina moja tangu juu hadi chini, Vidole, Vidole, Vidole, na tarehe zake, miaka kumi na tisa ya kusafisha na kukaza na kubadilisha. Herufi za juu zilisimama wima kama za chapa. Za chini zilikuwa zimelala. Tarehe nne za mwisho zote zilikuwa za mwezi huu.

Mara nne kwa mwezi mmoja. Bi Subiri akaenda kuleta pampu kwenye kigari. Aliinyonya gesi yote kutoka kwenye mashine kwa pampu, akaiingiza kwenye mtungi mtupu, akaweka mtungi juu ya mzani. Kibandiko cha mashine kilisema kilo moja na robo. Mzani ulisema mbili na kitu. Akautoa mtungi, akaupangusa mzani kwa kanga yake, akapima upya, kwa sababu kuna majibu ambayo mtu hayataki mara ya kwanza. Mzani haukubadilisha neno. Gesi ilikuwa imezidi karibu mara mbili, imerudi kwenye kompresa ikiwa bado majimaji, na kompresa haikuumbwa kutafuna maji.

"Soma kwa sauti," mzee alisema. Alikuwa amesimama nyuma yake, ameegemea fimbo, na haikujulikana tangu lini.

"Mbili na kitu, Fundi."

"Mzani wako mbovu."

"Nimepima mara mbili."

Bi Subiri alimsogezea mzee kiti, kisha akachukua mkobani chupa zake mbili za bati, moja ya maji yaliyotoka kwenye friji na nyingine ya chai. Akamwomba afumbe macho. Akaviweka vile vidole viwili, vyenyewe vya jina, kwenye chupa ya kwanza, kisha kwenye ya pili, akamwuliza ipi ni ya baridi. Mzee alishika, akahamisha, akarudi, akabonyeza kama anayetafuta mapigo ya moyo ya mtoto. Alichukua muda mrefu kiasi kwamba Bi Subiri alitamani asingeuliza.

"Zote sawa," alisema hatimaye, bado amefumba macho.

"Tangu lini?"

"Tangu mvua za mwaka jana. Nilidhani ni gesi za siku hizi, hazina baridi."

Angekuwa mtu mwingine, angeogopa mkono wake. Yeye aliishuku gesi, akaishuku shaba, akalishuku hata duka la vipuri. Vidole vilikuwa havijawahi kumdanganya maishani, na mtu hamshuku shahidi wa namna hiyo. Kila vilipomwambia bado, alifungua koki tena. Mganga hajigangi, na Bi Subiri alisikia machozi yakimpanda, akayameza.

"Binti yako ataniuliza," alisema.

"Najua. Na ataandika." Mzee alifumbua macho. "Utaniongopea?"

"Siwezi, Fundi."

"Basi umenieleza ya nini?"

Nami niseme hapa kwamba uongo ulikuwepo, tena wa bei rahisi, umekaa mezani tayari. Mashine ina miaka kumi na tisa. Ungetosha kusema imezeeka, nusu yake ni kweli, na hakuna karani duniani angebisha. Sanduku lingebaki, heshima ingebaki, mashine mpya ingekuja. Bi Subiri aliufikiria, kwa sababu alimpenda mzee yule hata kwenye zile siku alizomchukia. Lakini alikumbuka malengelenge. Mkono usiojua pasi ya moto kesho utashika kitu kibaya zaidi, na mficha maradhi kifo humuumbua. Alimwambia hivyo, taratibu, bila kumvisha kilemba cha ukoka. Mzee alisikiliza akiwa anatazama ukuta.

Binti akatoka na sinia la vikombe, na hakungoja hata kuliweka chini. Akauliza: inatengenezeka, au haitengenezeki?

"Haitengenezeki. Kompresa imevunjika, na gesi yake siku hizi haiagizwi tena. Nunueni nyingine."

"Nini kimeivunja?"

"Gesi ilizidi."

"Nani aliijaza?"

Bi Subiri aliunyanyua mfuniko pale chini, maandishi yakiwa upande wake, na hakumwonyesha binti. Alimpa mzee. "Aliyeijaza ameandika," alisema. "Mara zote nne. Hakuficha hata moja."

Mzee aliuweka mfuniko mapajani na kuutazama. Kitu kimoja mtu anaweza kumsifu bila kutia chumvi: mzee yule aliwahi kuwa na kiburi, hakuwahi kuwa mwoga.

"Mimi," alisema. "Vidole vyangu vimekufa, mwanangu. Vimekufa mwaka mzima, na sikukwambia. Nilifikiri ukijua utanichukulia sanduku."

Binti aliweka sinia chini. Uso wa mahakama ulimtoka, akabaki mtoto wa watu anayetazama mkono wa baba yake. Aliushika, akayaona malengelenge, akasema maneno ambayo ni yao wawili. Lakini alipomaliza kupangusa macho bado alielekea barazani kulichukua sanduku, maana ahadi ni ahadi.

"Hilo usilitoe," Bi Subiri alisema. "Kesho nafunga mashine mpya, na simfungii Fundi mashine bila Fundi mwenyewe."

"Dada, si umesikia? Vidole vimekufa."

"Nimesikia. Ndio maana hatagusa kitu. Lakini masikio yake hayajafa, na nayahitaji."

Binti alisimama katikati ya baraza, akasema haya, mpaka kesho, tutaona.

Kesho yake mashine mpya ilifika. Bi Subiri alifanya kazi kama anayefanya mtihani. Alitoboa ukuta, akafunga vyuma vya kubebea mashine ya nje, akaunganisha mabomba, akaiacha pampu inyonye hewa mpaka mzee mwenyewe, ambaye ndiye aliyemfundisha kusubiri, akakohoa kwa kuchoka. Gesi ilikuwa imepimwa na kujazwa kiwandani. Akaiwasha. Mishale ikaenda kila mmoja kwake, chumbani ubaridi ukashuka juu ya kitanda, na binti akashusha pumzi ambayo labda alikuwa ameishikilia tangu mzee alipozimia mara ya kwanza.

Mzee alikuwa uani kitini, macho kayafumba.

"Zima," alisema.

Bi Subiri akazima, akauliza kuna nini.

"Kuna kitu kinacheza. Kulia, chini."

Hakuna kilichokuwa kinacheza. Alikuwa amekaza kila kitu, tena mara mbili. Lakini akashika spana, akapiga magoti, akaijaribu boliti ya kulia ya chini, na boliti ikazunguka pamoja na plagi ya plastiki inayoishikilia ndani ya plasta iliyooza. Kwa jicho isingeonekana. Baada ya mwaka wa kutetemeka ingelegeza chuma, chuma kingepasua bomba, na mgonjwa angelala tena kwenye joto. Binti aliona yote akiwa mlangoni. Bi Subiri akatoboa tundu jipya pembeni, kwenye tofali zima, akafunga, akawasha. Mzee akasikiliza mpaka akatosheka, akatikisa kichwa kwamba sawa.

Binti aliingia barazani. Alifungua sanduku jekundu, akatoa chuma cha kuchomelea, kikata mabomba na waya wenye plagi, akavifunga kwenye mfuko wake. Vingine vyote akavirudisha mahali pake, akalisukuma sanduku kwa mguu mpaka karibu na kiti cha baba yake. "Feni na redio tu," alisema. "Pasi hapana. Na kila kitu kikiwa kimechomolewa ukutani." Mzee alinung'unika kwamba amefungwa kifungo cha nje, lakini mkono wake ulikwenda kwenye sanduku na kukaa juu yake.

Kazi ilikuwa imebakia mfuniko. Bi Subiri aliugeuza, akatoa kalamu yake ya wino mzito, akainama aandike tarehe, kama kawaida yake.

"Lete," mzee alisema.

Alimpa. Hakuona ajabu. Aliwaza tu kwamba ndivyo ilivyokuwa, na ndivyo inavyopaswa kuwa, na safari hii hata haikumwuma sana. Mzee aliishika kalamu kwa ngumi nzima, kama mtoto wa chekechea, kwa kuwa vidole havikuisikia, akaandika huku mdomo umefunguka kwa jitihada. Herufi zilipanda na kushuka. Aliandika tarehe, akapumzika, akaandika tena. Kisha akampa mfuniko, na kalamu pia.

Bi Subiri aliusoma akiwa amesimama. Jina la Vidole halikuwepo. Lilikuwepo jina lake yeye, lote, lile alilopewa na wazazi wake, ambalo hakudhani kama mzee bado analikumbuka.

"Anayeandika ndiye anayejibu," Bi Subiri alimkumbusha.

"Nimekuandikia kwa sababu najua huandiki. Mifuniko yako nimeifungua mingi." Mzee alitazama mikono yake. "Nilichelewa. Wa kuijibia kazi hii ni wewe, tangu zamani."

Binti aliuliza kutoka ndani kama mashine imekwisha, afunge dirisha sasa, ubaridi usipotee.

"Subiri," Bi Subiri alisema. Alikuwa ameshika mfuniko kwa mikono miwili, bisibisi iko tayari, na kwa machozi hakuweza kuliona tundu la skrubu hata moja.